Masaa Matatu Niliyoyaficha Kwenye Pindo

Kabla hamjanihukumu, jueni kwanza kazi yangu. Nimekuwa fundi cherehani miaka arobaini na mmoja, na fundi cherehani ni mtu anayelipwa kwa kushona na kusamehewa kwa kudanganya muda. Mteja akileta kitambaa Ijumaa, suti itakuwa tayari Jumatatu. Akija Jumatatu, "imebaki vifungo tu." Maneno hayo nimewahi kuyasema juu ya suti ambayo kitambaa chake hakijatolewa kwenye mfuko wa dukani, na mteja akaondoka akinishukuru kwa bidii yangu.

Mke wangu ni kinyume changu. Alioka mikate miaka thelathini nyuma ya jengo la posta, na mtaa mzima humwita Mama Mikate, mimi nikiwemo. Tanuri moja la mikate huiva kwa dakika arobaini. Ukitoa dakika ya thelathini na nane, katikati ni uji. Ukitoa ya arobaini na tatu, umeoka matofali. Kwenye ukuta wa pale palikuwa na saa iliyokufa tangu siku ya ufunguzi, na hakuna aliyeijali, kwa sababu saa ilikuwa ndani ya Mama Mikate. Hata leo akisinzia kwenye kochi, dakika arobaini zikitimia anafungua jicho moja, ananusa hewa, analifunga tena. Alipostaafu wenzake walimpa saa ya mkononi kubwa kama kifuniko cha sufuria. Anaivaa kwa heshima yao tu.

Tuna mtoto mmoja, wa kike. Uchungu wake ulimshika mama yake akiwa anaingiza tanuri la kwanza la asubuhi, na mtoto akatoka lilipotimia la tisa. Masaa sita kamili. Binti alipoolewa na fundi wa lifti na kumfuata kwenye mji wa mbali kabisa, mama yake alisimama kwenye mlango wa uwanja wa ndege, akakunja mikono, akatoa hukumu:

"Huyu nilimpa masaa sita ya maumivu. Akitaka nimtembelee, namwongezea mengine sita. La saba simpi. Kama mji wake uko zaidi ya hapo, basi aje yeye."

Miaka minne ikapita, na yeye ni yule yule. Mimi najua ukweli: anaogopa ndege kuliko anavyoogopa panya kwenye unga. Lakini mwambie hivyo kama una meno ya ziada.

Halafu binti akapiga simu. Ana mimba ya miezi minane, ya kwanza, na sauti yake ilikuwa nyembamba kama uzi namba hamsini.

"Baba, mlete Mama. Sitaki mtu mwingine yeyote chumbani. Mume wangu nimeshamjaribu, tulipokwenda kupimwa alizimia yeye."

"Mama yako ana masaa yake sita, unamjua."

"Baba. Wewe umewadanganya watu wazima maisha yako yote. Kweli unashindwa kumdanganya mmoja tu kwa ajili yangu?"

Nikanyooka mgongo. Hakuna aliyewahi kunipa heshima ya namna ile.

Kesho yake nikaenda kwa dada wa tiketi. Mkwe alishamaliza kila kitu kwa simu, kazi yangu ilikuwa kuchukua karatasi tu. Nikamuuliza ni mbali kiasi gani.

"Kilomita elfu sita na mia nane, mzee. Masaa nane na nusu."

"Punguza."

"Nipunguze nini?"

"Hayo masaa. Sema sita, tumalizane."

"Mzee, hii si bei ya nyanya."

"Hakuna ndege inayopita njia ya mkato?"

"Hiyo ndiyo ya mkato. Ndege nyingine inazunguka kwanza, inafika kesho yake."

"Dereva wake akihimizwa?"

Akachapa karatasi mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, akanisukumia. Nilipoisoma ile ya kwenda nilitaka kuruka kaunta nimbusu. Iliandikwa: kuondoka saa mbili asubuhi, kufika saa saba na nusu mchana. Nikahesabu kwa vidole. Masaa matano na nusu!

"Dada, wewe mwenyewe hujui unachouza."

"Mzee, ile saa saba na nusu ni ya kule. Kule wako nyuma yetu masaa matatu."

Watu wengine wangehitaji kuelezwa. Mimi sikuhitaji, kwa sababu nilishawahi kumshonea mkandarasi mmoja mwenye kitambi ambacho sijaona tena mfano wake. Siku ya kumpima nilianzia mbavu ya kulia asubuhi kukiwa na baridi, nikazunguka na futi yangu mkononi, na nilipotokea mbavu ya kushoto nikakuta jua la mchana na watu wanakula. Niliporudi kulia, kumbe huku bado wanakunywa chai. Dunia ni kitambi cha yule mkandarasi. Kila upande una saa yake.

Tatizo lilikuwa mstari wa chini wa karatasi, ulioandikwa kwa herufi nene: muda wa safari, masaa nane na nusu. Nikaenda nyumbani, nikazipanga karatasi zote mbili pamoja kama vitambaa viwili vya mfuko mmoja, nikaukata mstari ule kwa mkasi. Mkasi wenyewe ulikuwa wa meno meno, ule unaozuia kitambaa kisichomoke nyuzi. Mazoea tu. Ilikuwa kazi safi. Vipande nikavitia kwenye jiko.

Jioni nikamwita Mama Mikate sebuleni. Juu ya meza niliweka dunia ya plastiki ya binti yetu, ile ya enzi za shule. Nikatoa futi shingoni, nikabana ncha moja kwenye mji wetu kwa kidole gumba, nikaizungusha kwenye tumbo la dunia hadi mji wa binti.

"Inchi sita na robo," nikatangaza.

"Kwa hiyo?"

"Kila inchi ni saa moja. Ndivyo wanavyopima wenyewe."

"Na hiyo robo?"

"Ni ya kukimbia chini kabla haijapaa. Hiyo haihesabiwi, bado uko ardhini."

Akavaa miwani. "Lete karatasi."

Nikampa. Akasoma saa ya kuondoka, akasoma saa ya kufika, midomo ikihesabu bila sauti. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa chini wa karatasi, taratibu, kama anayepima unga ikiwa umechekechwa.

"Matano na nusu," akasema.

"Nilikwambia! Mimi mwenyewe nilisema sita kwa tahadhari."

"Fundi."

"Naam."

"Ikizidi sita hata kwa dakika moja, mbele ya abiria wote nitakuvua suruali."

"Karatasi haidanganyi, Mama Mikate."

Akaikunja, akaitia kwenye pochi. "Karatasi haidanganyi," akarudia. "Nimesikia."

Wiki moja baadaye tulikuwa angani. Nilijua nina maadui watatu: rubani, skrini, na saa kubwa kama kifuniko cha sufuria.

Rubani alianza mapema. Hata mkanda haujatulia kiunoni nikasikia spika ikikohoa: "Mabibi na mabwana, muda wa safari yetu leo utakuwa..." Nikashikwa na kikohozi. Kilikuwa kikohozi cha heshima, chenye mwanzo, kati na kilele. Mtu wa mbele alinipa maji, wa nyuma akanipiga mgongoni, mama mmoja upande wa pili akaanza kuniombea. Nilipomaliza, rubani alikuwa ameshafika kwenye hali ya hewa.

"Pole," Mama Mikate akasema. "Kilikupata ghafla."

Skrini nayo ilikuwa kwenye mgongo wa kiti cha mbele, na ilionyesha kindege kidogo kinatambaa juu ya ramani, na pembeni tarakimu za kilomita na masaa yaliyobaki. Nikavua koti langu nikalitundika juu yake.

"Kwa nini unaifunika?"

"Koti litakunjamana nikilikalia. Fundi hawezi kushuka na koti lililokunjamana."

Nikamfuata mhudumu hadi jikoni kwao, mwanamke mrefu aliyevaa sketi iliyoshonwa vibaya kiunoni. Nikamwambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, mke wangu akikuuliza yamebaki masaa mangapi, mwambie mawili."

"Baba, tumetoka saa moja tu iliyopita. Siruhusiwi kudanganya abiria."

"Hata kidogo?"

"Naruhusiwa kutabasamu tu."

"Basi tabasamu. Na hiyo sketi ukija mjini kwetu nitakurekebishia."

Kweli, kila alipopita alitabasamu kama amelipwa, hadi mke wangu akaniuliza nimemwambia nini yule binti.

Ikabaki saa. Nilipaswa kuirudisha nyuma mara tatu. Saa la kwanza nililiiba alipokwenda kunawa. Haamini mabomba ya angani, kwa hiyo aliivua akanikabidhi nimtunzie. La pili alipolala, ikiwa bado mkononi mwake. Nilikizungusha kile kidude cha pembeni kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano kwenye gari bovu, jasho likinitoka puani. La tatu nilimwomba mwenyewe.

"Yangu imesimama. Hebu niazime ya kwako niilinganishe."

"Unailinganisha ya kwako na ya kwangu?"

"Ndiyo."

"Mbona unageuza ya kwangu?"

"Naifuta vumbi."

Akaniacha. Akafunga macho. Nikaona mara kwa mara jicho moja linafunguka, pua inanusa, jicho linafunga. Wala sikujali. Mtu wa miaka arobaini na mmoja kwenye kazi anajua pindo linavyokwenda: hukati kitambaa, unakikunja ndani tu, na macho ya nje hayaoni. Masaa yangu matatu yalikuwa yamekunjwa vizuri. Tulipogusa ardhi akatazama saa yake. Saa saba na nusu. Akatazama saa ya ukutani uwanjani. Saa saba na nusu. Akaitikia kwa kichwa.

"Matano na nusu," nikamwambia. "Na suruali yangu iko mahali pake."

"Naiona."

Mkwe alikuja mbio kutupokea. "Shikamoo Mama! Shikamoo Baba! Poleni sana, masaa nane na..." Nilimkumbatia. Sijawahi kumkumbatia mkwe yule kabla ya siku hiyo, na nilimbana hadi kalamu mfukoni mwake ikavunjika. Alidhani ni mapenzi. Tangu hapo ananipenda kuliko baba yake.

Siku tatu baadaye binti akashikwa na uchungu. Mama yake akaingia chumbani akiwa amepandisha mikono ya gauni kama anaenda kukanda unga. Mimi na mkwe tulikaa kwenye korido. Yeye alizimia mara moja tu, tena kwa adabu, akiwa amekaa. Mlango ulipofunguliwa, Mama Mikate alikuwa amembeba mtoto wa kike, mwekundu, mwenye kelele, na uso wa mke wangu ulikuwa vile nilivyouona mara moja tu zamani, tanuri la tisa lilipotimia.

"Matanuri kumi na nusu," akasema. "Masaa saba. Binti yako amenishinda kwa saa zima."

Nilifurahi mno, nikapitwa na jambo lililokuwa mbele ya macho yangu. Yule mwanamke hakuwa na saa mkononi. Aliivua kwenye beseni la kunawa.

Tukakaa wiki sita. Chumba cha binti kilikuwa kidogo, mimi nililala kwenye kochi ambalo mkwe alikuwa akilitazama kwa huzuni kila jioni. Mama Mikate alioka, aliosha, alimbeba mjukuu kifuani saa zote, na kila mtoto alipolala alijua ataamka saa ngapi. Ikafika siku ya kufunga mizigo. Nikaingia jikoni nikiimba.

"Mama Mikate, kesho safari."

"Keti, Fundi."

Juu ya meza kulikuwa na karatasi. Ya kurudi. Naapa mbele yenu, tangu siku ya dada wa tiketi sikuwa nimeisoma hata mara moja.

"Soma," akasema.

"Kuondoka saa tisa alasiri."

"Kufika?"

"Saa nane usiku."

"Hesabu."

Nikahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, nikahamia wa pili, vidole vikaisha.

"Kumi na moja," nikasema kwa sauti ya mtu aliyemeza sindano.

"Mimi nilisema mangapi?"

"Lakini mke wangu, huwezi kuhesabu hivyo! Saa za kule na za huku hazilingani."

"Tangu lini?"

"Tangu... tangu zamani."

"Tulipokuwa tunakuja zilikuwa zinalingana?"

Nikageuka kumtafuta binti anitetee. Binti alikuwa mlangoni ananyonyesha, na mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Ukweli ni masaa nane," nikasema. "Nane tu, kurudi ni karibu zaidi kwa sababu ya upepo. Wenyewe waliandika, hapa chini, kwa herufi nene..." Nikashusha kidole kwenye karatasi kuutafuta mstari. Kidole kikaishia kwenye meno meno.

"Endelea," Mama Mikate akasema. "Hapa chini wapi?"

Mstari pekee ambao ungenipunguzia matatu katika yale kumi na moja niliuchoma mwenyewe kwenye jiko langu.

"Miaka thelathini na minane nafagia vipande vya meno haya sakafuni kwangu," akasema, akipitisha kidole kwenye ukingo kama alivyofanya ile jioni. "Ulifikiri dada wa tiketi naye ana mkasi wa fundi?"

"Ulijua tangu nyumbani?"

"Nilijua umekata. Sikujua umekata kiasi gani. Kwa hiyo nikahesabu. Matanuri kumi na mawili, Fundi, na la kumi na tatu lilikuwa limeshaanza kunukia magurudumu yalipogusa chini. La tisa lilipotimia nilifungua jicho, nikakukuta umenishika mkono, ulimi nje, unazungusha saa yangu kama mwizi wa kuku anayetafuta mlango wa banda."

"Mbona hukusema?"

"Nimwambie rubani anishushe wapi, kwenye wingu la kulia?"

"Na suruali? Uliahidi kunivua."

"Niliitazama. Nikaona haifai kuonyeshwa watu."

Binti akacheka kwa sauti, mtoto akashtuka, akaanza kulia, Mama Mikate akampokea na kumtuliza begani. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Nilikuwa naogopa, wewe unajua. Miaka minne naogopa. Kwa kuja huku nilihitaji mwongo wa kunisindikiza, na Mungu alinipa aliye bora mtaani. Lakini kurudi..." Akaisukuma karatasi upande wangu. "Kumi na moja. Na karatasi haidanganyi."

"Mama Mikate, nitakula nini mimi?"

"Unga uko kabatini. Dakika arobaini."

Nikarudi peke yangu. Nilikohoa rubani alipotangaza, kwa mazoea, hakuna aliyenipa maji. Koti nililikalia. Kile kindege cha kwenye skrini nilikitazama masaa yote manane, na sijawahi kuona kitu kinachotambaa polepole namna ile, hata suti za wateja wangu hazikuwahi kuchelewa hivyo. Jirani yangu, kijana aliyekuwa amekibana kiti chake kwa mikono miwili, aliniuliza kama bado ni mbali.

"Yamebaki mawili," nikamwambia. Akalegea, akalala. Yalikuwa yamebaki sita.

Sasa ni mwezi wa pili tangu nirudi. Nimeoka mikate mitano. Mmoja nimeufanya wa kuzuia mlango, na upepo haujausogeza hata siku moja. Juzi nilichukua futi nikaipima tena ile dunia ya plastiki, kutoka huku hadi kule, na amini usiamini, sasa ni inchi tisa. Nimepima mara tatu. Imenenepa.

Kila jioni nampigia. Wiki iliyopita nilimuuliza anarudi lini, akasema Jumatatu. Nikafagia nyumba, nikafua mapazia, nikashona foronya mbili mpya. Jumatatu ikafika, nikapiga.

"Mama Mikate, uko uwanjani?"

Nyuma yake nilisikia mjukuu anapiga kelele za furaha na kijiko kinagonga sufuria.

"Bado kidogo, Fundi," akasema, kwa sauti tamu niliyoitambua mara moja, kwa sababu ni yangu. "Kila kitu kiko tayari. Imebaki vifungo tu."